Nusu kwa Nusu: Stori ya Sony Ericsson na Dili Niliyoletewa Saa Nne Usiku



Wiki mbili zilizopita rafiki yangu wa karibu alinipigia simu saa nne usiku. Ukiona mtu anapiga simu saa hiyo badala ya kutuma meseji, jua ni mkopo ama ni wazo. Hii ilikuwa wazo. Yeye ana kamera ya maana, mimi naandika na kuhariri video. Kwa nini tusiungane tufungue studio ndogo? Turekodi harusi, mahafali, na video za wasanii wa hapa mtaani. Na pesa je? "Nusu kwa nusu, buda. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo."

Manze, nilikuwa karibu kusema ndiyo hapo hapo. Kilichonizuia ni simu ya zamani.

Kwa droo ya mathe kuna simu moja ya rangi nyeupe na chungwa, nyuma imeandikwa Walkman, na karibu na jina kuna nembo ya mpira wa kijani unaong'aa kama ile bano ya kioo tulikuwa tunacheza nayo tukiwa watoto. Ni Sony Ericsson W800. Ilikuwa ya mjomba, na enzi zake mjomba alikuwa anaingia nayo kwa matatu waya za masikio zikining'inia, na kila mtu anajua huyo ni msee wa pesa. Siku hizi ukimwonyesha mtoto wa darasa la sita hiyo simu atakuuliza kama ni rimoti.

Sasa swali: Sony ya Japani na Ericsson ya Uswidi ziliingiaje kwa jina moja? Jibu ni kwamba walifanya ile ile kitu rafiki yangu alinipendekezea. Waliungana, nusu kwa nusu. Na kwa miaka kadhaa walikuwa moto kabisa. Halafu wakazama. Kabla sijamjibu rafiki yangu nikaona heri nijue walifikaje juu, na nini kiliwarudisha chini.

Tuanze na wazazi wa hiyo ndoa.

Ericsson ni kampuni ya zamani kuliko reli yetu ya Mombasa. Mwaka 1876 Lars Magnus Ericsson alifungua karakana ndogo Stockholm ya kurekebisha vifaa vya telegrafu. Kutoka hapo wakaingia kwa simu, na baada ya miaka mia moja na kitu walikuwa kati ya wakubwa wa mitambo ya mawasiliano duniani. Na kama umewahi kumtumia mtu wimbo kwa Bluetooth, washukuru, juu ilianzia kwao. Wahandisi wa Ericsson mjini Lund walianza kuishughulikia mwaka 1994. Jina lenyewe lilikuja baadaye, kutoka kwa mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald, aliyeitwa Jino la Bluu. Ile alama unayoiona kwa skrini yako ni herufi mbili za kale za jina lake zimeunganishwa. Sasa unajua.

Sony nao walianza Tokyo mwaka 1946, vita ikiwa imeisha juzi tu. Waanzilishi walikuwa Masaru Ibuka na Akio Morita. Mwaka 1979 wakaleta Walkman, kikanda unachotembea nacho, na ghafla muziki ukatoka sebuleni ukaingia barabarani. Baadaye wakaja na PlayStation, hiyo sihitaji kukueleza. Runinga, kamera, muziki, filamu, gemu: Sony walikuwa wanajua raha ya mtu. Lakini kwa simu za mkononi? Walikuwa wadogo sana. Mwaka 2000 hawakuwa na hata asilimia moja ya soko la dunia.

Ericsson walikuwa kinyume chake. Kwa simu walikuwa namba tatu duniani, nyuma ya Nokia na Motorola. Mitambo walijua, mawimbi walijua, na simu zao zilikuwa imara. Shida ni kwamba zilionekana kama zimetengenezwa na fundi kwa ajili ya fundi mwenzake. Na wakati dunia inaanza kutaka simu ya kupendeza, hiyo ni shida kubwa.

Halafu radi ikapiga.

Si fumbo. Tarehe 17 Machi 2000, radi ilileta moto kwa kiwanda cha chipu cha Philips huko Albuquerque, Marekani. Moto ulikuwa mdogo, ukazimwa kwa dakika chache. Lakini chipu hutengenezwa kwa vyumba visafi kuliko chumba cha upasuaji, na moshi na maji viliharibu kila kitu. Kiwanda hicho kilikuwa kinauzia Nokia na Ericsson. Nokia walishtuka mapema, wakatuma watu, wakabana Philips, wakatafuta chipu kwingine. Ericsson walichukulia poa. Walipokuja kugundua ukubwa wa hasara, hakukuwa na mahali pengine pa kupata chipu hizo. Mauzo ya takriban dola milioni 400 yakapotea hivyo.

Sitaki kukudanganya kwamba ni radi iliua simu za Ericsson. Tayari walikuwa na shida zao: miundo iliyochelewa, gharama za juu, simu za bei nafuu walizokosa kuleta kwa wakati. Lakini mwaka huo biashara yao ya simu ilipata hasara ya kronor bilioni 16 hivi. Kampuni ya miaka 124, inakunywa hasara kama chai.

Hapo ndipo ndoa ikawa na maana. Mmoja anajua mawimbi lakini hajui urembo. Mwingine anajua urembo lakini hajui mawimbi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Walitangaza mazungumzo 2001, na tarehe 1 Oktoba mwaka huo Sony Ericsson ikaanza kazi. Huu unaitwa ubia: kampuni mbili zinazaa ya tatu, na kila mzazi anabaki na maisha yake. Hisa zilikuwa asilimia 50 kwa 50. Makao makuu hayakuwekwa Tokyo wala Stockholm. Yaliwekwa London, yaani uwanja ambao si wa nyumbani kwa yeyote. Mkuu wa kwanza alikuwa Katsumi Ihara kutoka Sony.

Na sasa ile sehemu watu husahau: mwanzo ulikuwa mbaya. Watu hufikiri ukiunganisha majina mawili makubwa pesa inamwagika siku ya pili. Wapi. Mwaka 2002 walitoa T68i, simu ndogo yenye skrini ya rangi ambayo Ericsson walikuwa wameianza kabla ya ndoa, na kamera yake unaichomeka chini kama kifaa cha pembeni. Ilipendwa. Lakini kampuni iliendelea kula hasara, mpaka Ericsson wakasema wazi kwamba mambo yasipobadilika wataondoka. Mwaka mmoja tu wa ndoa na mtu tayari ameshika mkoba mlangoni. Mwanzoni mwa 2003 wazazi wote wawili ilibidi waongeze pesa.

Kilichowaokoa si hotuba. Ni simu. Mwaka 2003 ikaja T610: nyembamba, nyeusi na fedha, kamera ndani, kijiti kidogo cha kuongozea katikati. Ukiiangalia hata leo unaona kuna mtu alikaa chini akafikiria itakaaje mkononi. Robo ya tatu ya mwaka huo kampuni ikaingia kwa faida, na mwaka 2004, akiwa Miles Flint sasa ndiye mkuu, wakauza simu milioni 42.

Halafu wakapata siri yao. Badala ya kuuza simu yenye kila kitu kidogo kidogo, walianza kuchukua majina ambayo watu walikuwa tayari wanayapenda kutoka Sony na kuyabandika kwa simu. Mwaka 2005 wakaleta W800, ile ya mjomba. Jina la Walkman, kitufe cha muziki, waya za masikio zenye sauti ya maana, na kadi ya megabaiti 512 ndani ya boksi. Leo megabaiti 512 ni video mbili za harusi, lakini wakati huo zilikuwa albamu nyingi tu. Huhitaji tena simu mfuko huu na redio mfuko ule.

Mwaka uliofuata wakarudia mchezo huo kwa kamera. K800 ilikuwa na jina la Cyber-shot, megapikseli 3.2, na flashi ya xenon, ile flashi ya kamera halisi inayopiga mwanga kama radi ndogo. Ukiwa disko usiku, picha inatoka. James Bond akaonekana nayo kwa filamu ya Casino Royale, na usishangae, studio za Sony zilikuwa ndani ya hiyo filamu. Hapo ndipo unaona faida ya kuoa familia kubwa. Mwaka 2007 wakaleta hata simu unazotikisa ili wimbo ubadilike. Wasee, kabla ya TikTok kulikuwa na watu wamesimama stejini wakitikisa simu bila sababu.

Angalia namba. Mwaka 2005 waliuza simu milioni 51. Mwaka 2006, milioni 75 hivi. Mwaka 2007, milioni 103. Faida ya huo mwaka ilikuwa zaidi ya euro bilioni 1.1, na walikuwa namba nne duniani, nyuma ya Nokia, Motorola na Samsung. Kwa miaka mitano, kutoka mtu ameshika mkoba mlangoni hadi hapo.

Kwetu hapa, tusidanganyane, Nokia ndiyo ilikuwa mfalme. Ile 1100 yenye tochi ilikuwa kila boma, na mulika mwizi bado ina heshima yake. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ilikuja kwa njia ambayo kabambe yoyote ingeweza. Sony Ericsson haikuwa simu ya kila mtu. Ilikuwa simu ya kaka mkubwa aliye na kazi, simu ya kuombwa: "Nitumie hiyo ngoma kwa Bluetooth." Unakaa karibu naye, simu mbili kando kando kama wapenzi, dakika tatu kwa wimbo mmoja, na ukisonga mbali inakatika. Na hiyo ndiyo ilikuwa intaneti yetu.

Sasa kushuka.

Ukiuliza mtu yeyote atakuambia iPhone iliwaua. Ilitoka 2007, mwaka ule ule Sony Ericsson iko kileleni, kwa hiyo stori inaonekana safi. Mimi naona hiyo ni nusu ya ukweli. iPhone ilibadilisha mchezo kwa kila mtu. Samsung pia walikuta mchezo umebadilika, na bado wako. Swali ni kwa nini wengine waliweza kugeuka na Sony Ericsson hawakuweza kwa haraka.

Kwanza, programu. Simu zao nyingi zilitumia programu yao wenyewe, nzuri kwa simu ya vitufe lakini haikuwa ya kubeba apu kama za leo. Simu zao za kijanja, kuanzia P800 ya 2002, zilitumia Symbian ya aina ya UIQ. Mwaka 2008 wakatoa Xperia X1, hiyo ilikuwa na Windows Mobile, na ilitengenezwa na HTC. Mwaka 2009 wakatoa Satio, Symbian tena lakini ya aina nyingine. Mwaka 2010, Xperia X10, sasa ni Android. Hesabu mwenyewe. Ni kama matatu inayobadilisha ruti kila asubuhi: hata ikiwa na muziki mzuri, abiria watazoea kupanda nyingine.

Pili, wateja wao wengi walikuwa Ulaya, na wengi walinunua simu za bei ya kati na juu. Uchumi wa dunia ulipoyumba 2008, hao ndio waliacha kubadilisha simu. Mauzo yakashuka hadi milioni 97 hivi, faida ikageuka hasara. Mwaka 2009 waliuza milioni 57 tu na kupoteza euro milioni 836. Maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi. Hao ni watu wenye kodi ya nyumba kama wewe na mimi, na hawakuwa kwa mkutano wowote ulioamua programu gani itumike.

Tatu, na hapa ni maoni yangu, ile nusu kwa nusu yenyewe. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Fikiria PlayStation. Kampuni ilikuwa na mzazi mwenye jina kubwa zaidi la gemu duniani, na vijana walikuwa wanalilia simu ya gemu. Ilichukua mpaka 2011 ndipo Xperia Play ikatoka, simu ya kwanza kubeba jina la PlayStation. Miaka kumi ya ndoa! Ukiangalia kutoka nje unaona kitu: mzazi anakupa jina lake la muziki na la kamera, lakini lile la dhahabu anaficha kabatini, kwa sababu nusu ya kila shilingi utakayopata nalo itaenda kwa mtu mwingine. Ukiwa na nusu unajali kwa nusu. Na mzazi wa pili, Ericsson, moyo wake ulikuwa kwa mitambo ya mtandao. Simu zilikuwa mtoto wa nyumba ya pili.

Mwisho ulikuja bila kelele. Oktoba 2011 Sony walitangaza kwamba watanunua nusu ya Ericsson kwa euro bilioni 1.05. Februari 2012 dili ikafungwa, na jina likawa Sony Mobile Communications. Hebu linganisha: bei ya nusu nzima ya kampuni, na ndani yake haki za hataza, ilikuwa chini ya faida ya mwaka mmoja wa 2007. Ule mpira wa kijani ukaondoka. Xperia ipo mpaka leo, lakini ukiniuliza mara ya mwisho niliona mtu nayo kwa matatu, nitakuambia nafikiria.

Je, basi ubia ni kitu kibaya? Hapana, na usiondoke hapa ukisema nimesema hivyo. Bila kuungana, huenda Sony wangebaki na asilimia yao isiyofika moja, na Ericsson wangeendelea kunywa hasara. Walipeana miaka kumi, na ndani ya hiyo miaka wakatuachia simu ambazo watu bado wanazitaja wakitabasamu. Na mambo haya hayako Ulaya tu. Oktoba 2023 hapa kwetu, Athi River, kilifunguliwa kiwanda cha kuunganisha simu cha East Africa Device Assembly Kenya. Huo nao ni ubia: Safaricom, Jamii Telecommunications, na kampuni ya Uchina. Simu zao ni za bei ya chini, zile za kumtoa mtu kwa kabambe. Mimi nawatakia mema, na ningependa kujua kitu kimoja tu: wakikosana, nani ana neno la mwisho?

Hilo ndilo swali nililomrudishia rafiki yangu.

Tulikutana Jumamosi kwa kibanda cha chai. Nilimwambia nakubali, lakini tuandike. Alicheka kwanza, akaniuliza kama simwamini. Nikamwambia namwamini sana, ndiyo maana nataka tuandike sasa tukiwa tunapendana, siyo baadaye tukiwa tumekasirikiana. Tukachukua karatasi moja. Mambo ya picha, yeye ndiye bosi, hata nikipinga. Mambo ya kuhariri na bei, mimi. Kila mtu aseme ataleta nini, na asifiche kitu: kama ana wateja wake wa pembeni aseme sasa. Na mwisho kabisa, mmoja akitaka kutoka, atalipwaje.

Hilo la mwisho lilituchukua saa nzima, na chai ikapoa mara mbili. Lakini tulimaliza, tukaweka sahihi, na mama wa kibanda akawa shahidi.

Kazi yetu ya kwanza ni harusi ya Desemba. Na ile simu ya mjomba nimeiomba kwa mathe. Nitaiweka kwa meza ya studio, tukishapata meza.

Sasa wewe niambie: umewahi kuingia nusu kwa nusu na rafiki? Mko wapi sai?